Asali Kwenye Mdomo wa Duara

Shija alinipigia simu asubuhi nikiwa nafungua duka, mkono mmoja kwenye kufuli. Kaka yangu huyu huwa hakosi salamu, hata akiwa na homa ataanza na mwangaluka, lakini siku hiyo hakusalimia. Alisema tu, "Kabula, Bosi Maduhu amefariki." Cha kwanza kilichonijia si sura ya marehemu wala sauti yake, ni harufu ya asali, na nikaangusha funguo palepale mlangoni, mtu mzima mimi mwenye wajukuu. Nauza manukato hapa Nyasubi, Kahama, miaka mingi, na wanaume wakija kuulizia ile ya asali, ya chupa nzito ya kahawia, nawaambia imeisha. Uongo. Haijaisha, sijawahi kuiagiza niiweke kabatini. Ikinipitia sokoni kwenye shati la mtu nageuka kumtafuta kaka yangu kwa macho, hata kama najua yuko kwenye mashine yake ya mpunga anagombana na wateja. Mimi ni mwoga, niliseme mapema ili asije mtu akanisifia bure huko mbele.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, nauza katika duka la Bi Rukia. Alikuwa mama wa Tabora mwenye asili ya pwani, mwembamba, mkali wa maneno, mwenye kuchoma udi dukani hata biashara ikiwa imelala. Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye kabati za kioo. Mbele mafuta ya nywele na sabuni, katikati udi na ubani, na nyuma kabisa, chini ya kufuli, pafyumu za wanaume wa dhahabu. Walikuja na vumbi la Geita kwenye viatu na hawakuuliza bei, waliuliza ni ipi inayotangulia mtu kuingia. Kazi yangu ilikuwa kuzivaa. Bi Rukia alinipulizia moja mkononi asubuhi, na jioni nilitakiwa nimweleze ilivyoishi: ilivyoanza, ilivyokaa juani, ilivyofanya baada ya kuosha vyombo. "Pafyumu usiihukumu mlangoni," aliniambia. "Ihukumu ikishakula ugali na wewe." Nilijifunza mengi kwenye mkono huu wa kushoto kuliko nilivyojifunza shuleni.

Ile ya asali nilipewa siku tatu, kwa sababu Bi Rukia hakuielewa. Ilianza na ukali wa ganda la chungwa, ungesema ni kitu cha kawaida tu. Ukimaliza kunywa chai, asali inafunguka. Na si asali ya kupaka mkate. Ilikuwa asali ya Ushetu inapotolewa mzingani, bado ina moshi, ina nta, ina vipande vya mabawa ndani. Chini yake kulikuwa na tumbaku, ile ya majani yaliyokaushwa kwenye bani, banda la kukaushia, na mchana ukipita kilichobaki ni nta na ngozi ya mtu. Nilimwambia Bi Rukia kwamba hiyo inamtaka mwanaume mtulivu, na aivae kidogo. Ukiizidisha kwenye mwili wenye jasho inachacha, inageuka wanzuki, na mtu wa heshima anaonekana ametoka kunywa pombe asubuhi. Bi Rukia akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Basi ni ya Maduhu. Mtulivu ninayemjua ni yeye tu."

Maduhu alikuwa mwenye duara kule Geita. Duara ni shimo la dhahabu, linachimbwa kwa mikono na baruti, limeshikiliwa na miti, watu wanashuka kwa kamba. Kaka yangu Shija alikuwa mmoja wa watu wake. Maduhu alikuwa mzee mnene wa kutembea taratibu, na akisema shikamoo yako ameisikia, utaona macho yake yamekuja kwako kweli. Alipoivaa ile asali mara ya kwanza ilimkaa kama aliyezaliwa nayo. Tangu hapo akawa anapita dukani kila anapokuja Kahama. Anasimama katikati, ananyoosha shingo, mimi nampulizia, halafu anauliza, "Inasemaje leo?" Nikisema imetosha, anaondoka. Nikisema imezidi, anatoa kitambaa anajifuta. Hakumwuliza Bi Rukia, aliniuliza mimi. "Huyu binti haniogopi," alikuwa anasema, "ndiyo maana namwamini." Nilikuwa namwogopa mpaka magoti, ila nilikuwa naiogopa zaidi pafyumu ya bei ile kuharibiwa mbele yangu.

Shija alikuja nyumbani machimbo yakilala. Tulikuwa na chumba kimoja cha kupanga, kitanda changu upande huu, mkeka wake upande ule, pazia la kitenge katikati. Nilimpikia matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga kwa sababu alisema huko Geita mama lishe wanayaharibu. Anakula huku anasimulia, na mimi nilikuwa nasikiliza huku nasonya, kwa sababu kila hadithi ya duara ilikuwa na mtu aliyekufa au aliyekaribia. Siku moja akanieleza jinsi wanavyonusa. Baruti ikishapigwa, moshi unabaki chini, na ule moshi unaua. Kwa hiyo hashuki mtu mpaka mwenye duara amenusa. Analala kifudifudi kwenye mdomo wa shimo, anafumba macho, anavuta pumzi. Watu wote wanavua kofia. Hakuna kusema, hakuna kukohoa, simu zimezimwa. Siku ya baruti hakuna aliyeoga kwa sabuni ya kunukia wala kupaka mafuta, na bosi mwenyewe haigusi asali yake, ili pua isichanganyikiwe. Wanawake wanakaa mbali, nyuma ya kamba. Akiinuka akasema "hewa safi," wa kwanza anashuka. "Na wa kwanza ni nani?" nikauliza. Shija akatafuna karanga zake. "Ni mimi," akasema. "Bosi ana pua yule mzee. Mwaka jana alinusa moshi ambao hakuna mwingine aliyeusikia, tukakaa hadi kesho yake. Wewe lala, acha kusonya."

Sasa, Bi Rukia alikuwa na ujanja wa wenye maduka wa wakati ule. Chupa ya ghali haikuwekwa wazi na mali ndani yake. Ikiisha, chupa tupu ilitiwa chai ya rangi iliyochujwa vizuri, ikawekwa mbele kwa kupendeza, na ile yenye mali ikabaki kwenye kufuli. Siku moja nilikuwa ua wa nyuma naanika taulo. Nikasikia sauti ya Maduhu dukani, anawaambia wateja wawili wa Isaka, madereva wa malori, habari za pafyumu. "Hii ndiyo yenyewe," anasema. "Nuseni. Asali ya leo imekolea kuliko ya wiki jana." Nikaingia na maji mikononi. Chupa ya maonyesho ilikuwa kwenye kiganja chake, na shingo na kola yake vilikuwa vimelowa chai. Wale madereva walitazamana, wakakubali, nani atabishana na mtu mwenye dhahabu? Mimi nilisogea kama kawaida yangu kuhukumu. Hakukuwa na kitu. Shati, jasho, majani ya chai. "Inasemaje leo?" akaniuliza. Nikasema, "Imetosha, bosi." Akaridhika, akatoka. Nilicheka kwanza, nilicheka kweli, mpaka nikashika kabati. Kicheko kikanifia mdomoni nilipomkumbuka Shija na karanga zake.

Kuanzia hapo sikulala sawasawa. Watu wanasema hofu inapanda moyoni. Yangu ilikaa puani. Nilinusa kila kitu, maziwa, nguo, mkaa, kana kwamba nikinusa vya kutosha nitamnusia Shija huko duarani. Nilimwambia Bi Rukia. Akafunga daftari lake la hesabu za udi, akanitazama. "Una hakika?" Nikamwambia mzee amejipaka chai, anaisifu. "Labda alikuwa na mafua." "Hakuwa na mafua." Akasema, "Ya wanaume wa dhahabu yaache yakae hukohuko. Ukimvunjia mtu yule jina, wanaokula kwake watakuja kukutafuta wewe, si yeye." Hakuwa mama mbaya. Naye alikuwa anaogopa.

Shija aliporudi nikamweleza yote, na chai, na madereva. Nilidhani atanishukuru. Aliweka sahani chini. "Usinitie nuksi," akasema. "Unajua mtu akipeleka maneno hayo kule watasema ametumwa na duara jingine?" Nikamwambia basi asiwe wa kwanza kushuka. Akasema wa kwanza ndiye anayechagua pa kuchimba, na hawezi kumpa mtu nafasi hiyo kwa sababu ya dada yake na chupa ya chai. Usiku ule hatukusemeshana kupitia pazia kama desturi yetu. Asubuhi aliondoka bila kunywa uji. Nilishika sufuria ile nikalia, na nikamtukana kwa Kisukuma, matusi ambayo mama yangu angenifinya.

Nilitaka hakika, hata kama ingenimaliza. Maduhu alipokuja tena nilikuwa nimejaza maji matupu kwenye kichupa cha kujaribia. Akasimama pale pale pake, akanyoosha shingo. Nikampulizia maji. Nilizidisha hadi kola ikalowa. "Inasemaje leo?" Nilimwuliza, "Wewe mwenyewe unaionaje, bosi?" Akatabasamu. "Tamu. Imetulia." Kisha akaona uso wangu. Akainua kola yake kwa vidole viwili, akaitazama, maji hayana rangi, lakini alielewa. Dukani tulikuwa wawili tu. Akasema polepole, bila hasira, "Kabula, Shija hana mtoto bado, au anaye?" Nikasema hana. "Ni kijana mzuri. Nakula naye sahani moja." Akaagiza chupa nyingine, akaondoka. Mpaka leo sijui kama lilikuwa tishio au ombi. Wakati ule nililichukua kama tishio, nikaenda chooni nikatapika.

Wiki zilizofuata nilisikia habari kwa vipande, kama zinavyosikika habari za machimbo, kwa wapita njia dukani. Kwamba duara la Maduhu limekutana na mwamba wenye mali. Kwamba wanapiga baruti mfululizo, wawahi kabla ya mvua. Kwamba watu wake wanashuka mapema kuliko wa maduara mengine, kwa sababu bosi wao ana pua. Mteja aliyesema hivyo alikuwa anachagua sabuni, alisema kwa sifa, na mimi nilimrudishia chenji isiyo yake. Halafu Maduhu akatuma ujumbe kuwa chupa aliyoagiza ipelekwe kule kule Geita, ana wageni wa kununua dhahabu jioni, na ailete Kabula. Bi Rukia alisoma ujumbe ule mara mbili. Akaniuliza kama nataka amtume mtu mwingine. Nilisema hapana. Alinifungia chupa kwenye kanga yake nzuri, na hiyo haikuwa desturi yake.

Nilifika jua likiwa utosini. Sitaielezea safari, niliishika chupa mapajani na kusali njia nzima. Machimbo yenyewe yalikuwa kilima kilichotobolewa, mahema ya turubai, moshi wa majiko ya mama lishe, na ghafla, nilipokaribia, kimya. Mama mmoja aliyekuwa anamenya viazi aliniwekea kidole mdomoni, akanivuta nyuma ya kamba walikokaa wanawake. "Wamepiga baruti," akaninong'oneza. "Bosi ananusa." Nikaangalia. Wanaume walisimama mviringo, kofia mikononi. Katikati, Maduhu amelala kifudifudi kwenye mdomo wa duara, mnene vile, mashavu yakigusa udongo, macho ameyafumba kama mtoto anayesali. Na mbele ya wote, kamba imeshafungwa kiunoni na tochi kichwani, kaka yangu.

Ningepiga kelele wangesema nimevunja mwiko, wangenifukuza, na angeshuka vilevile. Hilo nililiona wazi. Nilichokuwa nacho ni chupa, na upepo uliokuwa unatoka mgongoni kwangu kwenda kwao. Nikafungua kanga. Nikang'oa kizibo. Nikaanza kupuliza, juu, mbele, kwenye kanga yenyewe, nikaipunga, nikapuliza tena, kidole kikafa ganzi nikabadilisha mkono. Yule mama aliyamwaga maganda yake ya viazi kwa mshtuko, lakini hakusema, maana hakuna kusema. Chungwa likaenda. Asali ikaenda nyuma yake. Niliona inavyofika: mtu wa kwanza akageuza kichwa, wa pili akajifuta pua, wa tatu akamtazama jirani yake kwa hasira akidhani ndiye. Mviringo mzima ukaanza kunusana kimya kimya. Siku ya baruti, mahali pale palikuwa pamejaa asali mpaka mimi mwenyewe kichwa kiliniuma. Aliyelala tu ndiye hakutikisika.

Kisha akainuka. Alijikung'uta magoti, taratibu yake ile ile. Akawatazama watu wake. "Hewa safi," akasema. "Hakuna harufu yoyote. Shija, shuka."

Hakuna aliyesogea. Mchimbaji mmoja mzee, mwenye kofia kifuani bado, akauliza kwa upole, "Bosi, unasema hakuna harufu?" Maduhu akasema, "Yoyote." Yule mzee akainamisha uso. Nilimwona Shija akigeuza shingo taratibu, akifuata upepo mpaka kwangu, mpaka kwenye chupa. Nilidhani atanichukia. Alishusha mikono kiunoni akaanza kulifungua fundo la kamba. Baadaye walishusha kibatari kinachowaka. Kilirudi kimezimika. Labda ni hewa, labda upepo ulikizima njiani, sijui na sitajua. Siku hizi nasikia hewa mbaya kuliko zote haina harufu kabisa, hata pua nzima haiikamati, na nikisikia hivyo nashukuru Mungu sikujua wakati ule.

Nilikaa chini nikisubiri kupigwa. Watu walitawanyika wakinong'ona, hakuna aliyemsogelea. Maduhu alikuja peke yake mpaka kwenye kamba, akaiona chupa. "Uliweka kiasi gani?" akaniuliza.

"Yote, bosi."

"Imezidi?"

"Imezidi."

Akatikisa kichwa, akatoa kitambaa chake mfukoni kama kawaida ya kujifuta, halafu akakumbuka kwamba siye aliyepuliziwa. Akabaki amekishika. Hakunigusa, hakunitukana, na hakunitumia mtu baadaye, ingawa nilimsubiri huyo mtu mpaka mwaka ukaisha, katika kila kivuli kilichosimama mlangoni pa duka. Duara lilivunjika wiki ile ile. Watu walihamia maduara mengine, Shija akiwemo, maana kaka yangu hakuacha kuchimba kwa sababu yangu, alichimba mpaka magoti yalipomkataa. Alichobadilisha ni kimoja tu: hakushuka tena kwa pua ya mtu mwingine. Alinusa mwenyewe, na akashusha kibatari. Maduhu alirudi Ushetu kulima tumbaku. Sikuwahi kumwomba radhi na leo siombi. Lakini uso ule wenye kitambaa mkononi umenikalia vibaya.

Tulikwenda msibani mimi na Shija. Mjane wake, Mama Milembe, tulimkuta ndani amezungukwa na wanawake, na aliponisikia jina akaniita chumba cha pili. Marehemu alikuwa amelazwa kwenye jeneza, suti nyeusi, amekonda sana. Chumba kilikuwa na kitanda, sanduku, na dirisha dogo linalotazama bani. "Ni wewe uliyekuwa unampima," akasema. Nikasema ndiyo mama, nikijua sasa ndiyo nasomewa kesi yangu. Akakaa kitandani. Akanieleza kwamba pua ya mumewe ilikufa kwa moshi, miaka kabla sijamjua, siku alipotolewa duarani hajitambui. Hakumwambia mtu ila yeye. "Akilala pale mdomoni alikuwa anahesabu tu," akasema. "Akifika mahali anasali, anainuka. Akirudi nyumbani anatapika. Alivyorudi moja kwa moja, baada ya mambo yako yale, ndipo nilipomwona analala." Akafungua sanduku, akatoa chupa ya kahawia ya asali ile ile, imebaki robo. "Aliendelea kuivaa. Kila Jumapili ananiuliza, inasemaje? Mimi nilikuwa namwambia imetosha hata isipotosha, sijui kupima. Leo mpime wewe."

Nilipuliza mara moja kifuani, mara moja chini ya shingo. Tukasubiri wote wawili, kama inavyotakiwa, chungwa lipite. Wanawake walikuwa wanaimba sebuleni. Asali ilipofunguka niliinama karibu na kola yake, karibu kuliko nilivyowahi kusogea akiwa hai. Nikasema, "Imetosha, bosi." Mama Milembe akafunga chupa.

Makaburini walitafutwa wanaume wa kuingia chini kulipokea jeneza, na kabla sijamshika koti, Shija alikuwa ameshajitokeza na magoti yake mabovu. Nilikuwa upande wa wanawake. Alifika ukingoni, na badala ya kushuka akavua kofia, akapiga goti, akainama juu ya shimo akavuta pumzi. Vijana walitazamana. Wazee watatu wanne, waliokuwa na mikono ya wachimbaji, nao wakavua kofia zao, wakanyamaza. Akashuka. Kichwa kikapotea. Nilimshika mkono mama aliyekuwa karibu nami, nisiyemjua, nikaubana mpaka akaniangalia. Jeneza likashuka kifuani kwake, nikasikia sauti yake akielekeza, huku, taratibu, hapo hapo, na udongo ukidondoka. Kisha mikono miwili ikatokea ukingoni, wakamvuta. Alikuja moja kwa moja kwangu katikati ya watu, ana udongo mpaka kwenye nyusi, na kifua cha shati lake kilinukia asali.